Watoto Hawahesabiwi Kwetu

Mmeniuliza nyote, kila mtu kwa mlango wake. Rael aliniuliza kanisani wakati wa sadaka, Esther akaniuliza tukipeleka maziwa, na Bot Kimeli alikuja mpaka jikoni kwangu akaketi na hakutoka. Nikieleza kila mmoja peke yake, mwisho mtakutana na mgombane kuhusu nani alisikia ukweli. Kwa hivyo nimeomba kalamu ya mjukuu nikaandika. Shule niliachia darasa la tatu, mnajua. Lakini majina ya watu sisahau, na safari ni majina.

Kabla hatujatoka

Wesley, kitinda mimba wangu aliye Nairobi, na mke wake Akinyi, binti wa watu wa Nyakach, walikuwa wanapanga kuwapeleka watoto nchi ya mbali ili wajionee. Akinyi alinionyesha kwa simu. Milima mirefu, na makanisa ya zamani sana yaliyochongwa ndani ya mwamba mmoja, watu wa kitambaa cheupe wanaingia chini kama mchwa. Nikasema ni pazuri, na sikudanganya. Kisha nikamuuliza mjukuu wangu Kiprotich, mlima ambao watu wake walitoka unaitwaje. Akafikiri, akasema, "Ngong?"

Walicheka wote. Mimi sikucheka.

Nikamwambia Wesley kwamba mtoto haendi kuangalia mlima wa wenyewe kabla hajaona wa kwao. Nikasema nitawapitisha mimi mwenyewe: tutoke kwangu Siongiroi, tupite Bomet waone maporomoko, tulale Sosiot kwa dada yangu, tupite Kericho kwenye chai, tufike Kedowa, na siku ya mwisho tupande Tulwap Kipsigis karibu na Londiani, pale wazee wanaposema tulikaa kabla ya kutawanyika. Wesley alikubali haraka kwa sababu yeye kazi haingemruhusu kuja. Akinyi alikubali polepole. Ile safari nyingine ilikuwa yake, na mimi nilikuwa nimeiweka kando na yangu. Nilijua hilo, na nikijua nikalifanya.

Watoto niliosafiri nao ni hawa. Kiprotich, shuleni Brian, ambaye miguu imemtangulia kukua. Chebet, wa maswali. Kipkoech, ambaye akiulizwa mwingine yeye ndiye anajibu. Na mdogo wao Cherono, bado ana meno ya maziwa, na gari likitembea tu yeye analala. Mama yake anamwita Adhiambo, jina la kwao. Mimi sijawahi kuliita. Nilimpa Cherono kwa sababu alizaliwa mbuzi wakirudi nyumbani, na kwangu hilo lilitosha.

Ni wangapi, hapo hamtanisikia nikisema. Ninyi mnajua, lakini karatasi hutembea na huenda ikasomwa na mtu asiye wa kwetu, basi aelewe: mtoto hahesabiwi, wala ng'ombe. Ukihesabu unamwonyesha yule anayetaka kupunguza. Sisi tunaita majina.

Siongiroi hadi Bomet

Tulichelewa kabla hatujaanza. Ilikuwa siku ya soko la mifugo na ng'ombe walijaa barabara, na dereva wetu Njuguna, mwenyeji wa Kedowa, hakutaka kupiga honi kwa sababu alisema ng'ombe wa Siongiroi wanajua haki zao. Watoto walishuka wakaangalie. Kipkoech akaenda kwa mzee mmoja aliyeshika fimbo, akamuuliza kwa sauti, ng'ombe wako ni wangapi.

Yule mzee alimtazama mpaka kijana akarudi nyuma. Akasema, "Wewe ni wa nani?"

Nikatoka garini nikajitambulisha, nikataja marehemu mzee wangu. Mzee akatikisa kichwa akaniambia nimrudishe nyumbani nimfundishe kwanza, halafu nimpeleke kutalii. Tukacheka kidogo, lakini alikuwa anasema kweli. Garini Akinyi aliuliza kulikoni, nikamweleza kama nilivyoeleza hapo juu. Akasema, "Aa." Hiyo tu.

Tulipofika maporomoko ya mto Nyangores maji yalikuwa mengi, ya rangi ya chai yenye maziwa, na yananguruma mpaka unaongea kwa mikono. Watoto walikimbilia mawe. Chebet akaniuliza maji hayo yanatoka wapi, na kabla sijafungua kinywa Kipkoech akamjibu yanatoka juu. Nilipogeuka nikamwona Akinyi amenyoosha kidole, anahesabu. Moja, mbili. Nilimshika kile kidole.

"Mama, pale ni maji," akasema. "Lazima nijue wote wako."

"Waite."

"Na aliyezama ataitika?"

"Usiseme hivyo mbele ya maji."

Yeye ni mwalimu wa chekechea. Akaniambia, bila kupandisha sauti, kwamba shuleni anahesabu watoto wa watu asubuhi na jioni na wote wako hai. Nikamjibu kwamba hao ni wa watu. Akautoa mkono wake katika wangu akautia mfukoni mwa sweta. Kutoka hapo hakuhesabu tena. Mimi ndiye niliyekuwa nikiita majina kila tulipopanda gari, na wakiitika nilikuwa najisikia mzuri, naona kama nimeshinda.

Sosiot kwa Tapkigen

Dada yangu Tapkigen anaishi nje kidogo ya Sosiot, chai yake imeshuka mpaka mtoni na ng'ombe wake wanakula nyasi za pembeni. Tulifika kumenyesha na tope limekuwa sabuni. Gari la Njuguna lilisukumwa mpaka getini na vijana wa jirani, Leonard na Hillary, waliotoka wamechafuka kama nguruwe na wakakataa katakata kuingia kwa sababu ya viatu vyao.

Tapkigen alileta mursik, maziwa yetu ya kulazwa kibuyuni. Alimimina kutoka kwenye kibuyu mbele ya wageni, yenye rangi ya kijivu ya mkaa, imeiva vizuri. Chebet akanusa akauliza kama ni ya kunywa. Kiprotich alishika kikombe kama mtu aliyeshikishwa nyoka. Akinyi alijikaza akanywa nusu na macho yakamtoka machozi, na Tapkigen akadhani amekumbuka marehemu mama yake, akamshika mkono akampa pole. Akinyi akapokea ile pole. Angefanya nini? Njuguna ndiye alituokoa, aliwazungukia watoto nyuma ya mgongo wa dada yangu akavimaliza vikombe vyote.

Kesho yake tulikaa hadi baada ya chakula cha mchana kwa sababu Tapkigen hakubali mgeni aondoke tumbo tupu. Wakati wa kuondoka akatupakia kapu la kabichi na kibuyu kingine. Vikawekwa kiti cha nyuma kabisa, pale Cherono alipozoea kulala, na nikavifunika na blanketi ili kibuyu kisigongwe. Cherono akajilaza kando yake, kichwa juu ya kapu. Tukaondoka.

Kona iliyo katikati ya chai

Kabla ya Kericho unaingia chai ya kampuni, na hapo dunia inakuwa ya rangi moja. Chai huku, chai kule, imekatwa sawa kama zulia, na vinjia vyembamba ambavyo mtu mzima akipita unaona kiuno kwenda juu. Mtoto akipita huoni kitu.

Gurudumu likapasuka. Njuguna akaweka gari kando, akaweka jiwe nyuma ya tairi, akatoa jeki. Watoto wakashuka kuangalia. Akinyi alikuwa amekaa mbele na kichefuchefu cha kona, akatoka akatembea kidogo kupata hewa. Mimi nilisimama nikawaonyesha kilima upande wa Belgut, nikawaeleza nani alikaa wapi kabla ya chai kupandwa. Chebet aliuliza kwa nini walihama. Nikamwambia nitamjibu tukifika.

Wingu lilishuka kama mtu amevuta pazia. Halafu mawe. Mnajua mvua ya mawe ya Kericho, haibishi hodi. Njuguna alikuwa amekaza nati ya mwisho, akatupa jeki ndani akapiga kelele tuingie, na sisi wote tukajitupa ndani, tumeshika vichwa, paa linalia kama debe.

Nikaita.

"Kiprotich."

"Niko."

"Chebet."

"Niko, Gogo."

"Kipkoech."

"Niko."

"Cherono."

"Amelala," akasema Kipkoech.

Niligeuka. Kule nyuma niliona blanketi limeinuka, mviringo, kama mtoto aliyejikunja. Nikasema msimwamshe. Gari likaondoka.

Tangu nikiwa msichana nimejua kwamba jina likiitwa, anaitika mwenyewe. Hata mama yangu hakukubali mmoja amwitikie mwingine. Na mimi nilikubali.

Kericho mjini

Mvua ilikuwa imepungua. Tuliingia hoteli moja, watoto wakaagiza chipsi, Njuguna chai na chapati. Akinyi akasema wacha amwamshe mtoto ale, akaenda garini.

Alirudi ameshika blanketi. Alisimama mlangoni, hakuja mezani. Nilimwona kwa mbali na nikajua kabla hajafungua mdomo, kwa sababu alilishika lile blanketi kwa mikono miwili kama vile bado kuna mtu ndani.

"Ni kabichi," akasema.

Hakuna aliyelia. Hata Kipkoech hakulia, alibadilika rangi tu. Njuguna aliacha chai ikifuka, na tulikuwa garini kabla yule msichana wa hoteli, Mercy, hajaelewa kwamba wateja wake wameondoka.

Kurudi kwenye chai

Njia yote Akinyi alitazama barabara. Mimi ningetaka anitukane. Alikaa mbele na simu mapajani, na Kiprotich akamwambia kwa upole ampigie baba. Akasema, "Nimwambie nini? Nimwambie yuko wapi?" Akairudisha mapajani.

Mawe yalikuwa yamelala barabarani meupe, yanayeyuka, na ukungu umekaa juu ya chai. Kona ya kwanza nikasema ni hapa. Tukashuka, si hapo. Kona ya pili nikasema ni hapa. Jamani, mimi ninayejua jina la kila mwanamke aliyebatizwa pamoja nami, nilisimama kwenye ile barabara na sikujua niko wapi. Kona hazina majina. Ni Njuguna aliyeona lile jiwe lake alilowekea tairi, bado liko pembeni ya lami.

"Ni hapa, Shosho," akaniambia. "Hili jiwe nalijua."

Tukagawana. Njuguna abaki na Chebet na Kipkoech hapo hapo apige honi mara kwa mara, mtoto akisikia afuate. Akinyi akapanda upande wa juu. Mimi na Kiprotich tukashuka chini. Nilikuwa nimevaa viatu vya kanisani na kila hatua niliteleza, Kiprotich akanishika kwapa kama mtoto anayefundishwa kutembea. Nikaita Cherono. Nikaita mpaka sauti ikawa inanirudia kutoka kwenye ukungu, nikadhani ni yeye. Majani yalikuwa yamechanwa na mawe na harufu yake ilikuwa kali, mbichi. Nilikuwa nafikiria kichwa chake. Mawe yale yanaua kuku.

Tulitokea kwenye banda la kupimia majani. Wachumaji walikuwa wamejikinga hapo na mashine zao, na nyapara wao, kijana wa kwetu anaitwa Josphat, alinisalimu kwa heshima akaniuliza nimetoka wapi na hali hii. Nikamweleza natafuta mjukuu, msichana, mdogo, anaitwa Cherono. Akawauliza wengine. Wakatikisa vichwa.

Josphat akasema, "Hakuna Cherono tuliyemwona, Gogo. Kuna tu katoto ka Wajaluo kalipotelea humu kwenye chai, kamekwisha pelekwa kambini kwao."

Nikamshukuru. Nikamwambia huyo si wetu. Nikamshika Kiprotich, tukaendelea kushuka.

Hapo Kiprotich aliniambia, "Gogo, ngoja." Nikamwambia hakuna kungoja. Chini ng'ambo ya kijito niliona moshi wa nyumba za watu wetu, na nikajua moyoni kwamba mtoto wangu akipotea atakimbilia moshi wa watu wake. Tukavuka tukiwa tumelowa mpaka magotini. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bot Kiplagat, ya pili ya mjane anaitwa Taprandich, na wote waliacha vyungu vyao wakatoka kutafuta pamoja nami, Mungu awabariki. Wakaita Cherono kwenye mahindi, Cherono kwenye miti ya mto. Wakatokea akina Cherono wawili watatu wa pale pale, wakubwa, wakauliza nani anawaita. Wangu hakuwepo. Kijito kilikuwa kimefura. Taprandich alishuka ukingoni na fimbo akaanza kuangalia kwenye matete bila kuniambia anaangalia nini, na mimi sikumuuliza.

Jua lilikuwa linaelekea kushuka nyuma ya ukungu. Tukarudi kupanda.

Barabarani tena

Akinyi alikuwa amefika kabla yetu. Sauti ilikuwa imekwisha kabisa, amebaki na pumzi. Sweta limechanika begani. Alinitazama mikono, kama ningekuwa nimembeba mtu, halafu akaangalia nyuma yangu, halafu chini.

Nilimpa habari zote kwa mpangilio, nyumba kwa nyumba, jina kwa jina, maana sikuwa na kingine cha kumpa. Banda la kupimia sikulitaja. Halikuwa na kitu. Ni Kiprotich aliyesema.

"Mum, walisema kuna mtoto wa Wajaluo."

Akinyi akainua kichwa. "Wapi?"

"Kambini. Gogo alisema si wetu."

Akanigeukia. Alisema polepole, sauti ya mtu mgonjwa, na mpaka leo nikiosha vyombo naisikia.

"Mama. Huyo mtoto alisema anaitwa nani?"

"Sikuuliza."

"Mtoto wangu mimi ni wa Wajaluo, Mama. Ni wenu, na ni wa Wajaluo. Wewe unajua majina ya watu wote. Hili hukuuliza?"

Njuguna alikuwa tayari ameshawasha gari.

Kambini

Kambi ile ya wafanyakazi wa chai ni safu za nyumba zinazofanana, juu nyeupe, chini nyeusi, kila mlango una sufuria na kila kamba ina nguo. Askari wa geti alituzuia, akataka kujua tunaenda kwa nani, nyumba gani. Hatukujua. Alisema mtoto aliletwa, ndiyo, lakini zamu ilibadilika na yeye hajui alipelekwa kwa nani. Njuguna akaanza kumsihi kwa kile Kiswahili chake cha mnada. Akinyi akapita kando ya askari tu, akaingia, na askari akamwangalia usoni akaacha.

Alisimama kati ya safu mbili akafungua kinywa kuita. Sauti haikutoka. Alijaribu tena, ikatoka kama mlango mbovu. Akanitazama.

Nikaita mimi.

"Adhiambo!"

Lilikuwa zito mdomoni, kama chakula cha moto. Nikaita tena, kwa sauti ile ninayoitia ng'ombe ng'ambo ya bonde. Na milango ikaanza kufunguka. Msichana mkubwa wa sekondari akatoka na kitabu, "Naam?" Mama mmoja akatoka na mwiko. Kibibi cha umri wangu kikachungulia dirishani kikauliza nani anamtaka. Kumbe na wao ni kama sisi, anayezaliwa jua likishuka hupewa jina hilo, na wamejaa kila mlango. Ningecheka siku nyingine. Kila mmoja aliyetoka nilimtazama nikaendelea kuita, na wao wakaelewa, wakaanza kuitia mbele, mlango kwa mlango, jina likatembea mpaka mwisho wa safu.

Mwisho wa safu mwanamke akatoka amembeba. Mtoto alikuwa amefungwa leso, miguu imeoshwa, na mkononi ana ugali. Akinyi alikimbia. Mimi nikakaa pale pale kwenye jiwe la mtu la kufulia.

Cherono alituangalia sote, akatafuna, akameza. Akasema, "Mlikuwa mmeenda wapi?"

Alikuwa ameshuka upande wa pili wa gari tukiangalia tairi, akafuata wachumaji ili aone mashine. Mawe yalipoanza, mwanamke mmoja alimwingiza chini ya aproni yake ya plastiki. Wakamuuliza jina, akasema lile analoitwa nyumbani na mama yake. Wakamsemesha kwa lugha ya mama yake, akajibu. Basi wakajua ni wa kambi.

Yule aliyembeba anaitwa Rusalia, Mama Otieno. Alimpa Akinyi mtoto, halafu akasimama mikono kiunoni. Akauliza ni nani aliyeacha mtoto mdogo hivi kwenye mawe.

Mimi niliinua kichwa nikasubiri. Ilikuwa haki yake kunionyesha kwa kidole.

Akinyi akasema, "Tulimwacha." Akambana mtoto shingoni.

Rusalia hakuridhika, alitugombeza sote pamoja mpaka na Njuguna, kisha akasema hatuondoki bila kula. Akaweka ugali na omena. Katika maisha yangu yote nilikuwa sijaonja omena, ninyi mnajua nilivyokuwa nikiisema. Alinisogezea sahani yangu mwenyewe. Nilikula macho yao yote yakinitazama. Nilimaliza.

Kedowa

Tulifika Kedowa usiku umeingia. Tulilala kwa Njuguna, na mke wake Wambui alitupikia mukimo bila kuuliza kitu, kwa sababu nyuso zilikuwa zinajieleza. Akinyi alitoka nje na simu akaongea na Wesley muda mrefu. Nilikaa na watoto karibu na moto. Sikwenda kusikiliza. Nilijua tu kwamba Kedowa iko kwenye barabara kuu, na mtu akitaka, asubuhi anageuza gari kuelekea Nakuru na kufika Nairobi mchana, na kwamba akienda hivyo, wajukuu hawa nitawaona kwenye simu mpaka nife. Nisingemlaumu.

Asubuhi tulipopanda gari Njuguna akaweka mikono kwenye usukani akauliza, "Nairobi au mlimani?"

Hakuniuliza mimi. Kidogo nijibu, nikauma ulimi. Chebet akasema, "Gogo hajaniambia kwa nini walihama." Akinyi aligeuka akamtazama Chebet. Kisha akasema, "Mlimani."

Tulwap Kipsigis siku hiyo ilikuwa na jua. Tulipanda polepole, kwa ajili yangu. Juu kuna upepo na nyasi, na ukitazama unaona nchi imekunjwakunjwa mpaka macho yanachoka. Hakuna makanisa ya mwamba. Kiprotich aliuliza, ni hii tu? Nikamwambia ni hii tu. Nikawaeleza wazee walikaaje, wakagawanyikaje, nani alielekea Belgut na nani akashuka Bureti, na Chebet nikamjibu swali lake la chai, jinsi Wazungu walivyowafukuza watu ili waipande, hata yale ambayo si ya watoto. Akinyi alikaa nyuma yao kwenye nyasi, Cherono amelala mapajani pake. Alisikiliza. Mahali fulani akauliza, watu wa Nyakach wakati huo walikuwa wapi kutoka hapa? Nikanyoosha mkono, upande wa ziwa. Si mbali. Nikamwambia tulikuwa tunaibiana ng'ombe. Akasema kwao nao wanasimulia hivyo hivyo, lakini wezi ni sisi.

Tulishuka. Njuguna alifungua mlango wa gari, watoto wakaanza kuingia, na mimi nikafungua kinywa niwaite kama kawaida. Akinyi alikuwa amesimama mlangoni. Alinitazama, akatoa mkono kwenye mfuko wa sweta.

Alihesabu kwa sauti. Alimgusa kila mmoja kichwani akisema namba yake, Kiprotich, Chebet, Kipkoech, na mdogo akamgusa mara mbili. Nilitazama kile kilima ili nisione, nikaomba ndani kwa ndani, nikanyamaza.

Halafu nikasikia mkono kwenye bega langu. Alikuwa hajamaliza. Alinigusa mimi, akasema namba inayofuata, akanishika kiwiko akanipandisha garini.

Hiyo namba siwaambii.